Bima ya mzazi: ilimlipia mama kitanda, haikumlipia mkono wa kumlisha

Nalipia bima ya matibabu ya mama mwaka wa nne huu. Miaka mitatu ya kwanza kadi ilikaa tu mkobani mwake pamoja na kitambulisho na tasbihi, na hatukuwa na la kusema juu yake, zuri wala baya. Mwaka jana alipopatwa na kiharusi ndipo tulipoijua bima yenyewe. Namwandikia yeyote mwenye mzazi mtu mzima anayetaka kumnunulia kinga ya kulazwa, kwa sababu kuna jambo moja ambalo wakala hakunieleza, na mimi sikujua kwamba ni la kuulizwa.

Kampuni sitaitaja, wala hospitali. Tangu tutoke nimesoma vitabu vya masharti vya kampuni nyingine tatu za hapa Kenya, na kwa jambo hili ninaloliandikia nimekuta maneno yale yale. Ni bima ya kulazwa ya wazee: 78,400 kwa mwaka, kinga ya shilingi laki tano, wadi ya kawaida. Sharti michango ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, iwe imelipwa, kwa sababu SHA hutoa sehemu yake kwanza, kampuni ikaja kujaza iliyobaki.

Nianze na walilofanya vizuri, maana ni haki yao. Mama alianguka alfajiri akitoka kutawadha. Mkono wa kulia hauinuki, mdomo umekwenda upande, maneno yanatoka mazito hayashikiki. Tulimpakia kwenye tuktuk ya jirani, na ilipofika saa moja na nusu alikuwa ameshapigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT. Kibali cha kampuni kilitoka tukiwa bado chumba cha dharura. Sikuulizwa amana. Pembeni yangu dirishani alikuwapo baba mmoja akipiga simu kwa ndugu zake mmoja baada ya mwingine akitafuta pesa za kuweka kabla mgonjwa wake hajapandishwa wadini, na nilimshukuru Mungu kwa kile kijikadi.

Tulikaa siku 19. Bili nzima ilikuwa 412,300. SHA ilikatwa kwanza, 3,920 kwa kila siku, ikawa 74,480. Kampuni ikalipa 331,470. Mimi nikabakiwa na 6,350, ambazo nyingi zilikuwa glavu, nepi za watu wazima na zile shuka za plastiki za kutandika chini ya mgonjwa, vitu ambavyo karatasi iliviita vya matumizi binafsi. Ukiitazama hesabu hiyo peke yake utasema hii bima ni nyota tano, na siku tuliyotoka wakala wangu alinipigia simu akiwa na furaha kabisa, akinitaka nimwandikie maneno mazuri.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Mama, kwa siku zile, hakuweza kujilisha, kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, wala kuzuia haja. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mambo hayo sita yaliorodheshwa na daktari Mmarekani Sidney Katz na wenzake mwaka 1963 kama kipimo cha kujua mtu anajiweza kiasi gani, na kwamba hadi leo madaktari wa wazee wanakitumia. Mama alikuwa sifuri kwa sita. Dawa zake zilikuwa chache, zinamalizika kutolewa kwa dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Siku nzima iliyobaki ilikuwa ni kugeuzwa, kupanguswa, kulishwa, kunyweshwa, kubadilishwa.

Na nani wa kuyafanya? Wadi ile ilikuwa na vitanda 26. Usiku niliwahesabu masista wawili. Wale masista nawaheshimu; niliwaona wakikimbia kutoka dripu hadi dripu, hawana hata muda wa kuketi. Kwa hiyo kazi hii inaachiwa jamaa wa mgonjwa, na hakuna anayekwambia hivyo. Trei ya chakula inaletwa, inawekwa juu ya kile kimeza cha magurudumu, mletaji anapita kitanda kinachofuata. Baada ya saa moja anarudi kuikusanya. Mgonjwa amekula, hajakula, trei inaondoka.

Na jamaa mwenyewe anaruhusiwa kuingia saa sita hadi saa nane mchana, na saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Chai ya asubuhi inakuja saa moja. Chakula cha usiku saa kumi na mbili na nusu, mlinzi akiwa ameshatutoa nje.

Kuna na jambo jingine ambalo watu wa Pwani wataniwia radhi nikilisema wazi. Mimi ni mtoto wa kiume. Dada yangu yuko Muscat. Mke wangu anafundisha shule Kisauni, hapa Mombasa, na alichukua siku tatu za ruhusa, zikaisha. Mama ni mtu aliyejisitiri maisha yake yote, na siku ya pili alipochafuka nami nikiwa peke yangu kitandani pake, alinishika kidole kwa ule mkono wa kushoto akanivuta mbali na shuka. Hakuweza kusema lakini nilifahamu. Nikaenda kumtafuta sista, nikangoja dakika arubaini na tano, na mama kalala vile vile akitazama ukutani. Sijapata kuona dakika ndefu kama zile.

Siku ya nne ndiyo iliyotuponza. Nilichelewa kutoka kazini bandarini, nikafika saa sita na dakika hamsini. Jamaa wa mgonjwa wa kitanda cha pili, mtu mwema kabisa, alikuwa amemwonea mama huruma kwa kuona trei imekaa, akamnywesha chai kwa kikombe. Mama alikuwa amelala chali, kichwa kimeinuliwa kidogo tu. Alikohoa sana. Siku ya sita homa ikapanda, kifua kikawa kinakoroma. Daktari alinieleza kwamba mtu wa kiharusi mara nyingi koo lake nalo limelegea, kinywaji chepesi kinapita njia ya hewa badala ya njia ya chakula, na kwamba huenda ndicho kilichotokea. Nimonia. Antibiotiki za mshipani, picha ya kifua, oksijeni usiku tatu. Tulikuwa tumeambiwa tutakaa siku kumi au kumi na moja.

Siku ile ile ya sita nikaenda kwa sista mkuu wa wadi nikamwomba ruhusa ya kuleta mtu wa kumuuguza mama kwa malipo. Akakubali kwa barua: mtu awe na kitambulisho, asiguse dripu wala dawa, akae kando ya kitanda cha mama tu. Jirani yetu akanielekeza kwa mama mmoja wa Likoni ambaye aliwahi kusomea kazi ya kutunza wazee na hufanya kazi hiyo hospitalini na majumbani. 1,500 kwa mchana, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni; 1,800 kwa usiku. Alikuwa anavuka feri ya kwanza ili awahi chai ya asubuhi.

Kama hii ni tathmini ya huduma, basi huduma niliyoiona ni ya huyu mama, na nataka niieleze kwa kirefu ili mjue ni kitu gani hasa bima haikilipii.

Siku ya kwanza hakumlisha mama hata kidogo kabla ya kumkalisha. Aliinua kitanda hadi mgongo ukasimama, akaweka mto mmoja chini ya bega la kulia lililolegea, mwingine pembeni asije akaegemea. Akamwambia, "Mama, tia kidevu kifuani kidogo, kama unaangalia tumbo lako." Uji aliuomba uwe mzito, unaoning'inia kijikoni. Alitumia kijiko kidogo cha chai, nusu tu, akakiingiza upande wa kushoto wa kinywa. Halafu akangoja. Alikuwa akiangalia koo la mama. Lilipopanda na kushuka mara moja hakuleta kijiko cha pili. Alingoja lipande tena. Kila vijiko vitano sita alimwambia mama aseme "aaa," akasikiliza kama sauti imelowa. Mwisho akapitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu la kulia, na kweli palikuwa na uji umekusanyika pale ambao mama mwenyewe hakuusikia. Bakuli moja dogo lilichukua dakika hamsini. Nilisimama pale nikafahamu kwamba mimi, mke wangu, na yule jirani mwema, sote tulikuwa tukimlisha mama vibaya.

Siku moja mama alikataa kula. Tulidhani amechoka. Yule mama wa Likoni akakaa kimya akimtazama, kisha akaniuliza, "Kaka, mama alikuwa anakula kwa mkono gani?" Masista walikuwa wamemzoesha kushika kijiko kwa kushoto, kwa kuwa ndio mkono uliobaki na nguvu. Na mama kwa kushoto hali, hajala kwa kushoto tangu azaliwe. Basi akakitia kijiko katika mkono wa kulia uliokufa ganzi, akavifumba vile vidole kwa vidole vyake, akaweka kiganja chake chini ya kiwiko cha mama, na wakakipandisha wawili hadi kinywani. Mama akala. Tangu siku ile ilikuwa hivyo kila mlo, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipopita akasema waendelee vivyo hivyo, kwani mkono unajifunza.

Kumgeuza: kila saa mbili, kwa saa ya simu. Mto katikati ya magoti. Hakuuvuta ule mkono uliolegea hata mara moja, alimshika kwenye bega na nyonga, kwa sababu mkono wa kiharusi ukivutwa bega laweza kuchomoka. Visigino alivinyanyua kwa khanga iliyokunjwa. Mama alitoka siku ya 19 hana kidonda hata kimoja mgongoni, wakati kitanda cha jirani mama mwingine alikuwa na kimoja cha ukubwa wa sarafu kilichokwisha kufunguka. Kumwogesha aliniambia nitoke, akavuta pazia, na niliwasikia wawili wakiongea, mama maneno yake mawili matatu mazito, yeye akimjibu kana kwamba amesema hotuba nzima.

Alikaa nasi siku 14, 21,000. Usiku saba zile mbaya za kifua, 12,600. Nepi nilizonunua nje kwa bei nafuu, pakiti sita za 1,050, 6,300. Jumla 39,900. Nikakusanya risiti, nikaambatanisha barua ya sista mkuu na maelezo ya daktari kwamba mgonjwa alihitaji kulishwa na kugeuzwa na mtu, nikadai.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Dai lote limekataliwa. Barua ilitaja kifungu cha mambo yasiyolipiwa: uuguzi wa kukodi wa mtu mmoja, na msaada wa mambo ya kila siku usio wa kitabibu. Nikapiga simu. Binti aliyepokea alikuwa na adabu, aliniambia "pole sana ndugu yangu" zaidi ya mara tatu, na akanielekeza ukurasa. Kipo kweli. Herufi ndogo, lakini kipo, na nilitia sahihi.

Nikiwa nimekifungua kile kitabu nikasoma kurasa zote, jambo ambalo ningelifanya miaka minne nyuma. Nikakuta ukurasa mwingine unasema hivi: mtoto chini ya miaka kumi akilazwa, bima inalipia kitanda cha mzazi mmoja alale naye. Kwa hiyo wanajua. Yeyote aliyeandika kile kifungu alijua kwamba kuna mgonjwa asiyeweza kuachwa peke yake wadini, na kwamba mtu wa kukaa naye ni sehemu ya matibabu yake. Walichofanya ni kuweka mpaka wa umri upande mmoja tu. Na hii wanaiita bima ya wazee! Imeuzwa kwa watu wa miaka sitini na zaidi, ambao kulegea, kutojilisha na kushindwa kufika msalani ndiyo mambo yatakayowalaza.

Upande wa SHA nako nilikwenda kuuliza. Yale malipo ya kila siku yanahesabiwa kuwa yamebeba kitanda, chakula, dawa na uuguzi vyote kwa pamoja, kwa hiyo kwa karatasi kulishwa na kuogeshwa kumekwisha kulipiwa. Hapo ndipo mgonjwa anapopotea katikati. SHA inasema hospitali imeshapewa, hospitali ina masista wawili kwa vitanda 26, na kampuni binafsi inasema si kazi ya kitabibu.

Na hesabu yao wenyewe haiwafaidi. Mama alikaa siku nane au tisa zaidi kwa ajili ya kifua. Nilizipiga kwenye bili: kitanda, antibiotiki, oksijeni, picha, daktari, ni zaidi ya laki moja na nusu, na kampuni ilizilipa bila kunung'unika. Siwezi kuapa kwamba kikombe kile cha chai ndicho kilichosababisha. Lakini mtu wa 1,500 kwa siku akiwa pale tangu siku ya kwanza, kikombe kile kisingelifika mdomoni mwa mama akiwa amelala chali. Hili nililiandika katika barua yangu ya pili kwao. Wamejibu kwamba maoni yamepokelewa.

Watu huniambia hakuna bima duniani inayolipia kulishwa mgonjwa. Si kweli. Korea Kusini walikuwa na desturi kama yetu, ndugu au mtu wa kukodiwa analala kwenye kikitanda kidogo kando ya mgonjwa. Mwaka 2015 MERS, ugonjwa wa kuambukiza wa njia ya hewa, ulipoingia mahospitalini mwao, wagonjwa 186, baadhi ya walioambukizwa walikuwa ni hao hao ndugu na wauguzaji waliokuwa wakikaa wadini. Serikali yao ilikuwa imeshaanza kujaribu wadi ambazo masista na wasaidizi wao ndio wanaomlisha, kumwogesha na kumgeuza mgonjwa, bila ndugu kulala pale, na bima ya afya ya taifa inalipia. Baada ya MERS wakazidi kuzitanua. Hawajazifikia hospitali zote, lakini jambo lenyewe lina jina, lina bei, na liko ndani ya bima.

Kwa hiyo nyota zangu. Kwa kibali cha haraka, picha, dawa na bili: nne. Kwa mama kama binadamu aliyelala pale saa ishirini na nne: moja. Sijaihama, na sitaficha sababu: mama sasa ana kiharusi kwenye faili lake, na kampuni nyingine zilizokubali kumchukua zilitaka angoje mwaka mzima kabla ya kulipia chochote kinachohusu maradhi hayo. Aliyekwisha ugua hana pa kukimbilia. Wewe ambaye mzazi wako bado anakwenda sokoni mwenyewe ndiye unayeweza kuchagua.

Ukikaa na wakala, muulize hivi kabla hujatoa M-Pesa: mgonjwa asiyejiweza akilazwa, nani analipia mtu wa kumlisha na kumgeuza? Usikubali ajibu "uuguzi upo." Mwambie akuonyeshe ukurasa wa yasiyolipiwa, na asome yeye. Muulize kifungu cha mtu wa kulala na mgonjwa kinaishia umri gani. Muulize nepi na shuka za plastiki. Na uliza kama wana ile bima ndogo inayotoa pesa taslimu kwa kila usiku wa kulazwa. Hii nimeigundua kwa kuchelewa. Haikuulizi pesa umezifanyia nini. Ukileta karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali unalipwa usiku wako uliolala, basi. Mimi na mke wangu tumeichukua, 2,000 kwa usiku. Kwa mama tuliambiwa mwisho ni miaka 65 kujiunga, kwa hiyo yeye namwekea 3,000 kila mwezi kwenye akaunti ambayo mke wangu ndiye mwenye namba ya siri.

Barua ya tatu nimeituma wiki iliyopita, safari hii nikiomba kitu kimoja: kile kifungu cha mtoto chini ya miaka kumi kiongezewe maneno "au mgonjwa asiyejiweza, kwa maandishi ya daktari." Nimeambatanisha nakala ya zile karatasi za daktari. Yule mama wa Likoni bado anakuja nyumbani Jumanne na Ijumaa. Juzi mama aliinua kijiko kwa mkono wa kulia bila kiganja cha mtu chini ya kiwiko. Kilifika kidevuni, kikamwagika, akaomba kingine.